Kufuma na Kufumua: Mwaka Wangu wa Kwanza wa Kulabu

Niliripoti kazini Njombe mwezi Julai mwaka 2022, nikitokea Tanga, nikiwa na mashati sita ya mikono mifupi na koti moja la mvua. Safari hiyo hupitia Chalinze, Morogoro na Iringa, na mtu wa pwani huanza kuelewa kinachomngoja basi linapomaliza kuupanda mlima wa Kitonga, pale madirisha yanapofungwa moja baada ya jingine bila kondakta kusema neno. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti ni ya kuwafanya hata waliozaliwa humo walalamike. Asubuhi yangu ya kwanza darasani niliandika ubaoni kwa mkono unaotetemeka, na wanafunzi wa kidato cha pili, wote wakiwa ndani ya masweta yao, wakacheka kwa adabu.

Mzula wangu wa kwanza, yaani kofia ya uzi ya baridi, niliununua sokoni, mtumba, na ulinifaa kwa wiki tatu. Kisha uzi wake ukanasa kwenye msumari wa mlango, likatokea tundu dogo, na tundu lile likaanza kushuka kila nilipouvua, likiacha nyuma yake kitu mfano wa ngazi. Nikampelekea mwenye nyumba wangu, bibi aliyekwisha kupita miaka sabini, ambaye kila jioni nilimkuta ameketi kando ya jiko la mkaa akifuma vitambaa vya makochi bila kuvitazama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaupokea mzula, akauvuta huku na huku kwa vidole viwili, kisha akanirudishia.

"Huu umefumwa na mashine, Mwalimu. Nikiuziba hapa leo, kesho utafumukia pengine. Lakini wewe una mikono miwili mizima. Kwa nini usijifumie wako?"

Nikadhani ananitania. Nilizunguka jibu, nikasema kazi ya shule ni nyingi, na ukweli ni kwamba niliona haya: mwanamume mzima, mwalimu wa hisabati, kukaa barazani na donge la uzi mapajani. Usiku ule ndipo nilipomkumbuka marehemu baba, ambaye alikuwa mvuvi, na ambaye siku ambazo bahari ilichafuka alikaa chini ya mkungu na wenzake wakishona nyavu kutwa nzima, uzi ukipita kwenye tundu na kurudi, wakipima upana wa jicho la wavu kwa kijiti. Hakuna aliyewahi kuiita ile kazi ya wanawake. Bibi yangu mzaa baba naye alishona kofia za mkono, zile za pwani zenye kitako cha duara na ukingo wake, ambazo hutobolewa matundu madogo madogo na kuzungushiwa uzi hadi ua litokee. Kwa hiyo nilitoka katika ukoo wa watu wa uzi, wanaume kwa wanawake, na nilikuwa nikiona haya bure. Kesho yake nikamwambia Bibi mwenye nyumba kwamba nimekubali.

Mtaani kwetu kazi hii ya krosheti, yaani kufuma kwa kulabu, huitwa kufuma tu, kama vile kufuma kwa sindano mbili kunavyoitwa kufuma, lakini Bibi alianza kwa kunitenganishia mambo hayo mawili, na naona alifanya vizuri. Katika ufumaji wa sindano mbili, vitanzi vyote vya mstari mzima huwa wazi kwenye sindano, na kimoja kikiponyoka huwavuta wenzake wa chini, ndiyo ile ngazi niliyoiona kwenye mzula wa mtumba. Katika krosheti unatumia kulabu moja, kijiti chenye ncha ya ndoano, na wakati wowote kuna kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Vingine vyote vimeshafungwa. Ukiitoa kulabu kwenye kitanzi hicho na kuvuta uzi, kazi yote hurudi nyuma hatua kwa hatua, hadi mahali unapotaka kusimama au hadi mwanzo kabisa. Bibi alinionyesha kwa kitambaa alichokuwa nacho mkononi: alivuta uzi, maua mawili yaliyomgharimu jioni nzima yakatoweka, kisha akayaanza upya huku akiniuliza habari za nyumbani. Mimi ndiye niliyeumia.

Kulabu zake za vitambaa zilikuwa za chuma, nyembamba kama msumari mdogo, na alinikataza kuzigusa. Kulabu hupimwa kwa milimita za unene wa shingo yake, na yule anayeanza na mizula na skafu hufaa atumie ya milimita 5 pamoja na uzi wa unene wa kati, kwa sababu huona vizuri anapoingiza na makosa yake ni makubwa kiasi cha kuonekana. Niliinunua ya alumini dukani karibu na soko. Uzi nikachagua mweusi, nikiamini kwamba rangi hiyo haichafuki haraka na inamfaa mwalimu. Bibi akaurudisha dukani yeye mwenyewe, akaubadilisha na wa rangi ya maziwa. Katika uzi mweusi, hasa jioni kwa taa ya nyumbani kwetu, matundu hayaonekani, na mwanafunzi hubaki akipapasa. Hilo nililithibitisha miezi mingi baadaye, nilipofuma skafu nyeusi ya mwalimu mwenzangu. Hata wakati huo nilifumia nje mchana tu.

Kuhusu uzi wenyewe kuna jambo ambalo muuzaji hakuniambia na huenda hata yeye hakulijua. Mtaani kwetu uzi wote laini wa masweta huitwa sufu, lakini karibu wote nilioukuta madukani ulikuwa wa akriliki, yaani uzi wa kiwandani usiotoka kwa kondoo. Bibi hupima kwa kiberiti. Kipande cha sufu halisi hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sikuwa na dharau na akriliki, kwani ni nafuu na huvumilia kufuliwa, ilhali sufu ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua hujikunyata na kuwa ngumu. Lakini kule kuyeyuka kulikuja kunigharimu, na nitafika hapo.

Somo la kwanza lilikuwa mnyororo: kitanzi, vuta uzi ndani yake, kitanzi kingine, vuta tena. Wiki nzima sikufuma kitu kingine. Tatizo langu halikuwa kuelewa, maana hata mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Tatizo lilikuwa mkono. Nilishika kulabu kama ninavyoshika chaki, jambo ambalo Bibi alilikubali, kwa kuwa wengine hushika kama kalamu na wengine kama kisu, na kazi hutoka ile ile. Lakini uzi niliukaza kana kwamba ninafunga mbuzi. Vitanzi vyangu vilikuwa vidogo kiasi kwamba kulabu haikuweza kurudi ndani yake, na nikilazimisha, ilipasua uzi katikati na kutoka na nyuzinyuzi. Alinitazama siku tatu, kisha akasema, "Mwalimu, uzi huo umekukosea nini?"

Dawa aliyonipa ilikuwa ya vidole. Uzi upite kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, uzunguke mara moja, upite chini ya viwili vya kati na kutokea juu ya kidole cha shahada, ili vidole ndivyo viamue uzi utoke kwa kasi gani, na mkono wa kulia usiwe na kazi ya kukaza chochote. Aliongeza hila nyingine ninayoitumia hadi leo: mnyororo wa kuanzia nifume kwa kulabu nene zaidi, ya milimita 6, kisha nirudi kwenye ya 5 kwa mistari inayofuata, kwa sababu mnyororo uliokazwa huvuta upande mmoja wa skafu na kuifanya ijikunje kama jani lililokauka.

Baada ya mnyororo nikafundishwa mishono miwili. Bibi huita kila mshono fundo, ingawa hakuna fundo la kweli humo. Fundo fupi: ingiza kulabu tunduni, vuta uzi, vitanzi viwili vikae kwenye kulabu, kisha vuta uzi upite vyote viwili kwa pamoja. Fundo refu: kabla ya kuingiza, zungusha uzi mara moja kwenye kulabu, ingiza, vuta, una vitanzi vitatu, pitisha uzi katika viwili, kisha katika viwili vilivyobaki. Fundo refu hupanda karibu mara mbili ya fupi. Ningeomba msomaji akishike kipimo hicho, kwani kofia nzima imekalia hapo.

Skafu ya kwanza niliianza kwa mafundo marefu 30 kwa upana. Niliifuma kwa bidii ya ajabu, kila jioni baada ya kusahihisha madaftari, na sikuitandaza hata siku moja, kwa maana ilikuwa ikijikusanya mapajani kama paka na mimi nikifurahia uzito wake. Ilipofika karibu urefu wa mita moja nikaitandaza kitandani. Upande wa kuanzia ulikuwa na upana wa sentimita 22. Upande niliofikia ulikuwa na 14. Nikahesabu mafundo ya mstari wa mwisho mara tatu, na mara zote tatu nikapata 19.

Mwalimu wa hisabati aliyepoteza mafundo 11 njiani bila kujua hana pa kuficha uso. Bibi alipoiona alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaniambia nimefuma bendera. Kisha akanionyesha nilipoibiwa. Ukifika mwisho wa mstari na kugeuka, hufuma vitanzi vitatu vya mnyororo ili kupanda hadi kimo cha fundo refu, na vitanzi hivyo vitatu huhesabiwa kuwa ndilo fundo la kwanza la mstari mpya. Unaporudi, kilele cha vitanzi hivyo kiko ukingoni kabisa, kimeinama, hakifanani na mafundo mengine, na mgeni hukiruka akidhani mstari umekwisha. Mimi nilikiruka mara 11 katika mistari isiyozidi 70. Mara nyingine zote nilikipata kwa bahati, na hiyo ndiyo sababu kingo zilikuwa zikienda kwa mawimbi badala ya kupungua kwa mstari ulionyooka.

Nikafumua yote. Bibi aliniachia nifumue peke yangu, na alikuwa akinisikiliza. Lugha yetu imelipatia jambo hili neno ambalo sikuwahi kulitafakari kabla: kufuma na kufumua ni kitenzi kimoja, na silabi moja tu ndiyo inayokirudisha nyuma, kama vile kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Ilinichukua jioni kumi na mbili kufuma na dakika zisizofika ishirini kufumua. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kunja kama tambi; niliuzungusha mgongoni mwa kiti, nikaufunga sehemu nne, nikauloweka na kuuanika, nao ukanyooka. Safari ya pili niliweka kikwasi, yaani pini, katika fundo la kwanza na katika la mwisho la kila mstari, na kila mistari mitano nilihesabu kwa sauti. Wanafunzi wawili waliokuja kuleta madaftari walinikuta nikihesabu hadi 30 peke yangu, wakaondoka haraka.

Skafu hiyo ya pili ilinyooka, lakini ilinifunza mengine mawili. Uzi uliniishia nikiwa nimefika theluthi mbili ya urefu, kwa kuwa nilinunua madonge mawili ya gramu 100 nikidhani yanatosha skafu ya mita 1.7. Nikarudi dukani, nikapata uzi wa aina ile ile na namba ile ile ya rangi, nikafuma mistari sita usiku. Mchana ilionekana wazi kwamba rangi ya maziwa ya awali na hii hazikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kumbe karatasi inayozunguka donge huwa na namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya mkupuo wa kutiwa rangi kiwandani, na mikupuo miwili hutofautiana kidogo, tofauti ambayo haionekani dukani bali huonekana kifuani mwa mtu. Tangu siku ile hununua uzi wote wa kazi moja kwa pamoja, na donge la ziada juu yake. Bibi aliniokoa kwa kunifumulisha mistari ile sita pamoja na mingine minane ya uzi wa zamani, kisha nikafuma mstari mmoja kwa uzi mpya na mmoja kwa wa zamani, kwa kupokezana, hadi uzi wa zamani ulipokwisha. Macho ya mtu yanapita hapo bila kujikwaa.

La pili ni pasi. Skafu ilipokamilika niliona kingo zinajikunja kidogo, nami kwa mazoea ya mtu anayepiga pasi mashati ya shule, nikaiwekea pasi ya mkaa moja kwa moja. Haikuungua. Ililala tu. Mahali pasi ilipopita mafundo yalibapa, yakang'aa, yakapoteza ule mruko wa kuvutika na kurudi, na hakuna maji wala mvuke uliowahi kuyaamsha tena. Ndiyo akriliki niliyoiona ikiyeyuka kwenye kiberiti, na sikuunganisha mambo hayo mawili. Hili ni kosa ambalo halifumuliki, kwa sababu uzi wenyewe umekufa. Ninaivaa skafu hiyo hadi leo, upande uliokufa ukiwa ndani ya koti.

Sasa kofia. Nilifikiri mzula ni jambo dogo baada ya skafu, kwa sababu hauna kingo za kupoteza mafundo. Mzula huanzia utosini: unafuma kitanzi, unaweka ndani yake mafundo ya kwanza, unakaza hadi tundu lifunge, kisha unazunguka ukiongeza mafundo ili duara litanuke, na duara linapotosha kichwa unaacha kuongeza, kazi inashuka yenyewe kama ukuta. Bibi alikuwa na kijitabu cha maelekezo kilichochapwa Uingereza, alichokipata akiwa msichana katika darasa la ufundi wa nyumbani la wamisionari, na kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza na macho yake yamechoka, alinipa nikisome mwenyewe. Maelekezo yalisema nifume mishono ya dabo: 6 mzunguko wa kwanza, 12 wa pili, 18 wa tatu, 24 wa nne, kila mara nikiongeza 6. Mimi nilikuwa nimekwisha kutazama video kadhaa za Wamarekani kwenye simu, na nilijua dabo ni lipi: ni fundo refu. Nikaanza.

Kufikia mzunguko wa nne nilikuwa na faneli. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, 24, nilihesabu na kurudia, na vikwasi vyangu vilikuwa mahali pake. Lakini duara halikulala mezani. Lilisimama, likajikunja mdomo, na nilipolivaa lilikaa utosini kama kikombe kilichopinduliwa. Nikafumua, nikalegeza mkono, nikafuma tena. Faneli. Nikafumua mara ya tatu. Bibi hakuniingilia, maana alisema yeye hafumi kwa kitabu.

Jibu lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya lugha, na inamhusu kila anayejifunza kwetu, kwa sababu vijitabu vya zamani vilivyoko Afrika Mashariki vilitoka kwa Mwingereza na video nyingi za leo zinatoka kwa Mmarekani. Fundo fupi, Mmarekani huliita singo na Mwingereza huliita dabo. Fundo refu, Mmarekani huliita dabo na Mwingereza ana jina jingine kabisa. Neno moja, mishono miwili tofauti. Kijitabu kiliniagiza nifume mafupi, nami nikafuma marefu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asome kwanza nchi ya mwandishi, au aangalie kama neno singo linatumika mahali popote katika maelekezo; likiwemo, basi anasoma ya Kimarekani.

Sehemu ya pili niliipata nikiwa darasani, nikifundisha mzingo wa duara, na nilisimama katikati ya sentensi. Mzingo ni pai mara mbili ya nusu kipenyo. Basi kila mzunguko wa kofia unaporefusha nusu kipenyo kwa kimo cha fundo moja, mzingo lazima uongezeke kwa mara 6.28 ya kimo hicho. Fundo fupi kimo chake kinakaribiana na upana wake. Kwa hiyo mzunguko mpya unadai nafasi ya mafundo yapatayo sita zaidi, na hapo ndipo ile 6 ya kijitabu inapotoka. Fundo refu lina kimo mara mbili, kwa hiyo linadai kama 12: mzunguko wa kwanza 12, wa pili 24, wa tatu 36, wa nne 48. Mimi nilifuma mafundo ya kimo cha 12 na kuyapa nafasi ya 6, na duara lililonyimwa mzingo wake halina pa kwenda ila kusimama. Nimefundisha pai kwa miaka minne, nimeiandika ubaoni mara zisizohesabika, na sikuwahi kuishika mkononi hadi iliponiharibia kofia tatu.

Jioni ile nilimweleza Bibi kwa mchoro na namba, naye alisikiliza kwa heshima hadi mwisho. "Ndiyo," akasema. "Ikikunja mdomo, umeinyima. Ikicheza marinda kama sketi, umeizidishia. Unaongeza au unapunguza, unaendelea." Alikuwa amelijua hilo kwa miaka zaidi ya hamsini bila pai. Nikiri kwamba nililipokea kwa shingo upande, kwa kuwa nilitaka apigwe na mshangao. Ila nilipoendelea kufuma niliona kwamba kanuni yangu inaniambia nianzie wapi, na jicho lake linaniambia mkono wangu unafanya nini leo, na mkono hubadilika kwa uchovu, kwa baridi, hata kwa hasira.

Kipimo cha mzula pia kina hesabu yake. Kichwa changu kina mzingo wa sentimita 56, lakini mzula wa sentimita 56 utazunguka kichwani kama sahani. Hupunguzwa sentimita tatu au nne ili ushike, kwa kuwa ufumaji huvutika. Nikachukua 53, nikagawanya kwa 3.14, nikapata karibu 17, na hicho ndicho kipenyo ambacho duara linapaswa kufikia kabla hujaacha kuongeza. Kwa uzi wangu na kulabu ya milimita 5 nilifika hapo katika mzunguko wa sita, mafundo 72. Kisha nikashuka bila kuongeza hadi masikio yakafunikwa. Mzula huo ndio ulioniingiza darasani Septemba, na nilipogeuka kuandika ubaoni nikasikia sauti kutoka nyuma ikisema, "Mwalimu amefuma mwenyewe huo," na nyingine ikibisha.

Ulikaa siku tisa. Siku ya kumi utosi ukafunguka, kwa sababu mkia wa uzi wa kuanzia nilikuwa nimeufunga fundo na kuukata karibu kabisa, nikiona ndiyo usafi. Uzi wa akriliki huteleza na fundo lake hujifungua lenyewe. Kinachotakiwa ni kuacha mkia wa sentimita kama 15, kuutunga kwenye shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na kuupitisha ndani ya mafundo kwenda, kurudi, na kwenda tena. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo ninayoichukia kuliko zote, na bado huiahirisha hadi kazi nne au tano zirundikane.

Habari zikaenea chumba cha walimu, na kila mtu akataka mzula. Hapo nikajifunza hesabu nyingine. Donge la gramu 100 nililinunua shilingi 4,000, na mzula mmoja wa mtu mzima hulimaliza karibu lote. Wakati ule nilitumia saa zisizopungua nane kwa mzula. Mtumba sokoni uliuzwa 1,500. Mwenzangu mmoja, kwa moyo mweupe kabisa, alinipa 3,000 na kunitaka nimrudishie chenji. Sikugombana naye; ukiwa na mzula wa 1,500 mbele yako, wa kwangu ni anasa. Ila sikubaliani na wanaowahimiza vijana wajifunze krosheti kana kwamba ni mlango wa haraka wa kipato, wakawatajia bei ya uzi na kunyamazia saa nane. Mimi hufumia watu kwa kubadilishana: mwenye kuleta uzi wake mwenyewe na debe la viazi hupata skafu, na mwaka ule sikununua viazi.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Tanga mwezi Desemba, na mpango ulikuwa mke wangu aje naye Njombe shule ya msingi alikofundisha itakapofungwa mwezi Juni. Niliamua asishuke kwenye basi bila kofia. Mwezi Machi nikamwomba mke wangu anipimie kichwa cha mtoto. Alizungusha utepe wa kanga, akaupima kwa rula, akaniambia sentimita 40. Nikachagua pamba laini, kwa ngozi ya mtoto, na mafundo mafupi badala ya marefu, ili kusiwe na matundu ya kunasa vidole vyake vidogo. Hapana vifungo, hapana shanga, hapana kishada juu, kwa sababu kila kinachoweza kung'oka kitaishia mdomoni mwake. Nikatoa sentimita mbili za kushikia, 38, nikagawanya kwa 3.14, nikapata kipenyo cha 12. Niliongeza sita sita, duara likalala mezani kama shilingi. Bibi alilikagua kwa vidole na hakukuta la kusema. Nikaliweka kwenye bahasha ya mitihani, likangoja miezi mitatu.

Basi liliingia stendi saa nne usiku, mwishoni mwa Juni, na pumzi za watu zilionekana chini ya taa. Nikampokea mtoto, nikamfunulia kanga kichwani, nikamvika. Kofia ilisimama juu ya utosi wake, mbali kabisa na masikio, kama ya mzee wa barazani kwetu aliyetoka kuswali Ijumaa. Nilikuwa nimekokotoa kila kitu isipokuwa kwamba kile kichwa nacho kilikuwa kikiongezwa mafundo, wiki baada ya wiki, bila mimi kuwepo. Pamba haivutiki kama akriliki, na mafundo mafupi yaliyobanana hayavutiki kabisa.

Mke wangu alicheka, kisha akamfunika kwa kitenge chake. Tulipofika nyumbani Bibi alikuwa hajalala; alimpokea mtoto, akampima kichwa kwa kiganja, akasema, "Arobaini na tatu." Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikapima: ilikuwa 43. Nikaketi kando ya jiko, nikautafuta ule mkia wa uzi niliouficha kwa shazia mwezi Machi, na kwa kuwa safari hii nilikuwa nimeuficha vizuri, ilinichukua karibu robo saa kuupata.